NGOZI YETU NAYO NI NGOZI



Siku mbili kabla ya Idd, pita Mji Mkongwe wa Unguja, au Mombasa, au Lamu, au Kariakoo pale Dar es Salaam. Utawaona watoto wa kike wamekaa foleni mlangoni kwa mpaka piko, mikono wameinyosha, furaha tele. Hatua chache mbele ipo meza ya vipodozi. Rangi za midomo, rangi za kucha, rangi za mashavu na za kope, nyekundu, za waridi na za machungwa, zimepangwa kama matunda sokoni. Mama ananunua, binti ananunua, bibi harusi ananunuliwa.

Sisi hatuna ugomvi na furaha hiyo. Kujipamba ni jadi yetu, na mwanamke wa pwani hakungoja meli ya Ulaya kumfundisha hina na liwa. Tunalo swali moja tu. Tunamwuliza muuzaji, tunamwuliza aliyemletea, na tunaiuliza Serikali: ndani yake mna nini?

Jibu tunalopewa mezani ni lile lile kila mwaka. "Ni rangi tu, ndugu yangu." Kibandiko hakipo, au kipo kwa lugha ambayo muuzaji hasomi wala mnunuzi hasomi. Unga mweusi wa piko umetolewa katika kopo lake, umegawanywa katika vifuko vya nailoni, na jina lake limebaki kule kule kwenye kopo. Watu huru wanajipaka kitu wasichokijua jina! Wahenga walikwisha tuonya: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

RANGI HIZI ZIMETOKA WAPI?

Zamani rangi ya mwili ilitoka katika mti tunaoujua. Mhina ulisimama uani, mzingefuri ulisimama shambani. Mambo yaligeuka katika karne ya 19. Mwaka 1856 kijana wa Kiingereza, William Henry Perkin, alipata rangi ya zambarau kutokana na lami ya makaa ya mawe. Miaka miwili baadaye, mwaka 1858, Mjerumani Peter Griess alitangaza ugunduzi uliofungua njia ya ukoo mkubwa kuliko koo zote za rangi, yaani rangi za azo. Leo zaidi ya nusu ya rangi zote zinazotengenezwa viwandani ni za ukoo huo. Zimo katika nguo, katika ngozi za viatu, katika peremende za watoto, na katika vipodozi.

Msomaji asiogope jina. Azo maana yake ni chembe mbili za nitrojeni zilizoshikana katikati ya rangi, kama mikono ya watu wawili wanaosalimiana. Mkono huu umeshika kipande kimoja, na mkono ule umeshika kipande cha pili. Salamu ikidumu, rangi inang'aa. Salamu ikikatwa, vipande viwili vinaachana, na kila kimoja kinakwenda zake. Vipande hivyo ni kemikali ziitwazo amini. Hapo ndipo mashaka yetu yanapoanzia.

Tuseme haki kabla hatujaendelea. Hatusemi kwamba kila rangi ya azo ni sumu. Zipo zilizopimwa miaka mingi, na vipande vyake havikuonekana kuwa na madhara yale tunayoyahofia; hizo zimeruhusiwa hata katika nchi zenye sheria kali. Rangi ya mdomo yenye nambari CI 15850, inayotumika dunia nzima, ni ya azo. Anayewatangazia watu kwamba kila rangi ni saratani anawadanganya, na uongo haujengi taifa. Lakini zipo rangi nyingine za ukoo huo huo ambazo vipande vyake ni hatari iliyokwisha thibitishwa. Mnunuzi hawezi kuzitenganisha kwa macho. Nyekundu ni nyekundu.

WALIOLIPA KWANZA NI WAFANYAKAZI

Elimu hii haikupatikana bure. Waliolipa ni wafanyakazi wa viwanda vya rangi. Mwaka 1895 daktari mpasuaji wa Frankfurt, Ludwig Rehn, aliwaeleza wenzake habari za uvimbe wa kibofu cha mkojo aliouona kwa watu waliofanya kazi katika kiwanda cha rangi. Miaka ikapita, kazi ikaendelea, mali ikauzwa. Baadaye ikajulikana wazi kwamba amini kadhaa zinazotumika kutengeneza rangi, kama benzidini na naftilamini ya aina ya pili, zinaleta saratani ya kibofu kwa binadamu. Miaka ya 1930 wataalamu wa Japani waliwalisha panya rangi za azo zenyewe, na panya wakapata saratani ya ini.

Itazame miaka hiyo, ndugu msomaji. Rehn alisema mwaka 1895. Uingereza ilipiga marufuku naftilamini hiyo na benzidini viwandani kwa kanuni za mwaka 1967. Miaka 72! Katikati yake wamelala watu waliokuwa na mikono, na majina, na watoto. Tunayataja haya ili asiyejua afahamu kwamba mwenye kiwanda hakusimamisha mtambo kwa huruma yake. Alisimamishwa na sheria, na sheria ililetwa na kelele.

Atasema mtu, "Huyo alikuwa kiwandani, alivuta mvuke kila siku. Sisi tunajipaka kidogo tu." Ni kweli, kiasi si kimoja, na hatari yake si moja. Lakini sikiliza. Ile salamu ya nitrojeni tuliyoieleza hukatwa na bakteria waishio tumboni mwetu, na hata na bakteria waishio juu ya ngozi zetu. Na rangi ya mdomo haikai mdomoni. Inaliwa pamoja na chai na chapati, inapakwa tena adhuhuri, inaliwa tena jioni. Anayejipaka kila siku tangu ana miaka 15 mpaka ana miaka 50 hajipaki "kidogo tu".

Kuna jambo la pili. Hata rangi iliyo njema ikitengenezwa kwa uzembe hubaki na uchafu ndani yake, yaani amini ambazo hazikumalizika kuungana, au risasi, au zebaki, au aseniki. Ndiyo sababu Marekani rangi za namna hii haziingii katika kipodozi kwa jina zuri tu. Kila mkupuo unaotoka mtamboni hupelekwa kupimwa na Serikali, na hupewa nambari yake. Mkupuo wa jana haumtolei dhamana mkupuo wa leo. Je, mkupuo uliofika katika kifuko cha nailoni pale sokoni ulipimwa na nani?

WENZETU WALIFANYA NINI KWAO

Ujerumani mwaka 1994 ilizuia rangi za azo zenye kutoa amini hatari katika nguo zinazogusa mwili. Mwaka 2002 Umoja wa Ulaya ulifanya vivyo hivyo kwa nchi zake zote. Ukazitaja amini 22, ukaweka kikomo cha miligramu 30 katika kila kilo ya kitambaa. Kwa vipodozi wao wanayo orodha: rangi isiyokuwamo haipakwi, na iliyomo imeandikiwa masharti, hii isikaribie macho, hii isiguse midomo, hii ni ya kitu kinachooshwa mara moja. Mwanzoni mwa mwaka 2022 waliibana hata wino ya kuchanja mwilini, kwa sababu ndani yake zimo rangi hizi hizi.

Marekani ilipiga marufuku rangi nyekundu ya azo iitwayo amaranti mwaka 1976, katika chakula, dawa na vipodozi. Lakini kisa tunachotaka kila mwanachama akihifadhi ni cha mwaka 1987. Ilikuwako rangi ya machungwa ya azo, nambari yake CI 12075, iliyotiwa katika rangi za midomo na vipodozi vingine. Ilileta saratani kwa wanyama waliojaribiwa. Wakubwa wa Serikali wakapiga hesabu, wakasema hatari kwa binadamu ni ya mtu mmoja katika bilioni 19, kwa hiyo haina neno, wakairuhusu. Chama cha raia kiitwacho Public Citizen kikawapeleka mahakamani. Mahakama ya rufani ya Washington haikubishana na hesabu. Ilisema kwamba sheria iliyotungwa na bunge imekataza rangi yoyote yenye kuleta saratani kwa binadamu au kwa mnyama, na ofisa hana ruhusa ya kuilegeza sheria hiyo kwa kalamu yake. Rangi ikaondolewa. Ulaya nayo imeiweka katika orodha ya vitu vilivyokatazwa.

Kisa hiki hakitufundishi kwamba CI 12075 ilikuwa tauni. Hesabu yenyewe inaonyesha kwamba hatari ilikuwa ndogo mno. Kinatufundisha nani mwenye haki ya kuamua. Raia walisimama wakasema, "Mwili ni wetu, sheria ni yetu, itekelezeni." Wakashinda. Huko walibishania mtu mmoja katika bilioni 19. Huku kwetu hata jina la rangi hatuambiwi!

Tunauliza basi: ngozi ya mtu wa Hamburg ina thamani gani isiyokuwamo katika ngozi ya mtu wa Tanga? Kibofu cha mtu wa Washington kimeumbwa kwa udongo gani? Bidhaa iliyofukuzwa mlango mmoja hutafuta mlango usio na bawabu. Tukilala, mlango huo ni wetu.

SHERIA TUNAYO

Hapa watatushangaa wale wanaodhani kwamba tutalia kwa kukosa sheria. Sheria tunayo. Nchi za Afrika Mashariki zimekwisha kubaliana juu ya kiwango kimoja cha vipodozi, nambari EAS 377. Sehemu yake ya kwanza inataja vitu vilivyokatazwa. Sehemu ya tatu ni orodha ya rangi zinazoruhusiwa. Tanzania Bara, tangu mwaka 2019, ulinzi wa vipodozi umo mikononi mwa Shirika la Viwango, TBS. Zanzibar unao Wakala wa Chakula na Dawa. Kenya wanalo Shirika lao la Viwango, KEBS. Wataalamu wapo, vitabu vipo, mihuri ipo.

Kinachokosekana ni safari ya kutoka kitabuni mpaka mezani. Orodha iliyofungiwa kabatini haimlindi binti wa Pangani. Kontena linalopita bandarini kwa mlango wa mbele hukaguliwa. Mzigo unaopita njia za panya, na kopo linalofunguliwa nyuma ya duka na kugawanywa vifukoni, na bidhaa inayouzwa kwa picha ya simu na kuletwa na bodaboda, hivyo anavikagua nani? Mficha uchi hazai. Tukiona haya kusema kwamba ulinzi wetu unaishia getini, hatutapata dawa.

PIKO: DADA WA UKOO HUO

Turudi kwa wale watoto wa foleni. Piko nyeusi si hina. Hina ya mhina hutoa rangi ya machungwa, au nyekundu, au ya kahawia. Nyeusi tititi haitoi. Ule weusi unaoshika kwa saa moja ni rangi ya nywele, na ndani yake mna parafenilinidiamini, ambayo kwa kifupi huitwa PPD. Hii yenyewe si azo. Ni amini, ya ukoo wa vile vipande tulivyovieleza, na zipo rangi za azo za nguo ambazo zikikatwa hutoa hiyo hiyo.

Ulaya PPD imeruhusiwa katika rangi ya nywele tu, kwa kiasi kisichozidi asilimia 2 inapopakwa kichwani, na kopo lake sharti lionye kwamba si ya watoto walio chini ya miaka 16. Kuipaka juu ya ngozi kuchora maua hairuhusiwi. Sisi tunaichukua, hatupimi asilimia, tunaikoroga nzito ili ikolee, tunamchora mtoto wa miaka 5 kuanzia vidole mpaka viwiko, na tunamwambia akae nayo asiioshe!

Wengi hawapati neno, na hilo ndilo linalodanganya. Lakini kwa baadhi yao mwili unaizoea vibaya. Siku chache baadaye mchoro unawasha, unavimba, unafura malengelenge yanayofuata maua yale yale, na kovu linabaki, jeupe au jeusi, kwa miezi au zaidi. Tena mwili uliokwisha kuikataa PPD hausahau. Binti yule akiwa mtu mzima, akipaka rangi nywele zake saluni, uso unaweza kuvimba mpaka macho yasifunguke. Anaweza kukataliwa na nguo zilizotiwa rangi fulani za azo, na hata na baadhi ya dawa za ganzi. Amefungwa kifungo cha maisha kwa mapambo ya siku moja. Na dada zetu wanaopaka, wanaoshika unga huo bila glavu mchana kutwa msimu wa harusi, wao wanakula chumvi hiyo kila siku.

MAJIBU KWA WABISHI

Wa kwanza atasema, "Mnataka kuwanyima wanawake riziki." La hasha! Mpaka piko, msusi na muuza meza ni wananchi na ni wanyonge kama sisi, nao ndio wanaoumia wa kwanza. Hatutaki mgambo amvunjie mjane meza yake ilhali mwenye ghala la jumla amekaa kwenye kiti chake cha kuzunguka. Anayetakiwa kujibu ni yule aliyeingiza mzigo na kuuficha jina.

Wa pili atasema, "Maskini hana fedha ya kununua kitu cha daraja la juu." Rahisi huwa ghali. Maskini ndiye asiye na fedha ya daktari wa ngozi. Akipewa hatari kwa sababu ya umaskini wake, huo ndio unyonyaji wenyewe, hata kama mnyonyaji ana rangi kama yetu.

Wa tatu atasema, "Basi turudi kwa vitu vya asili, vyote ni salama." Huyu tunampenda, lakini naye tumsahihishe. Hina safi tunaisifu. Lakini wanja wa manga, mwingi wake umesagwa kutokana na mawe yenye risasi, na risasi haimwonei huruma mtoto mchanga kwa sababu aliyempaka ni bibi yake. Asili si cheti. Cheti ni kupimwa.

TUNAYOYATAKA

Kwanza, kila kipodozi kinachouzwa kwetu kiandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka: jina la kila rangi na nambari yake, aliyetengeneza, aliyeingiza, na tarehe. Kisicho na jina kisiuzwe.

Pili, kufungua makopo ya rangi ya nywele na kuiuza vifukoni kukomeshwe katika ghala za jumla, huko linakoanzia.

Tatu, orodha ya rangi zinazoruhusiwa itolewe kabatini. Ichapishwe kwa Kiswahili, ibandikwe sokoni, shuleni, saluni na zahanati.

Nne, wakaguzi wanunue mezani kama mnunuzi wa kawaida, wapime maabara, na watangaze majibu hadharani pamoja na jina la mwenye mzigo.

Tano, mtoto asipakwe piko nyeusi. Hili halingoji Serikali. Linaanza nyumbani kwako kesho asubuhi.

Na wewe mwanachama usikae kusubiri. Jifunze kusoma nambari. Rangi zinazoandikwa CI 11000 mpaka CI 36999 ni za ukoo wa azo. Ukiziona usikimbie, uliza kama zimo katika orodha. Ukiiona CI 12075, irudishe na umtaje aliyekuuzia kwa wenye mamlaka. Ukikuta hakuna nambari kabisa, usinunue. Tawi lako likikutana, mwalikeni mwuguzi au mwalimu wa sayansi aeleze haya kwa saa moja. Akina mama wa tawi wawaendee wapaka piko wa mtaa wao kwa heshima, wakae nao kwenye jamvi, wakubaliane juu ya hina. Meza kumi zikikosa mnunuzi kwa wiki mbili, mwenye ghala atajifunza Kiswahili upesi.

Babu zetu walipimwa vichwa na meno na watu waliowaona kama mali. Sisi tunataka kipimo cha namna nyingine: kipimwe kile tunachouziwa, na majibu tupewe wenyewe. Idd nyingine inakuja, na foleni ile itakaa tena mlangoni. Kabla binti yako hajaunyosha mkono wake, uliza kwa sauti mtaa mzima usikie: ndani yake mna nini?